Mikono Isiyoogopa Moto

Jamani, watu tunasifu vitu vya ajabu! Kule Igowole, kwenye kambi ya vibarua wa chai, mwaka wa hamsini na tano, walimsifu Tupokigwe kwa kushika moto. Mpishi yule, mjane aliyetoka Rungwe na binti yake Tusekile wa miaka sita, aliipua sufuria ya ugali kwa mikono mitupu, bila kitambaa, bila hata kukunja uso. "Mama Tuse, wewe ni chuma!" vibarua walimpigia makofi. Naye akavimba kichwa, kwa nini asivimbe? Wenzake jikoni walishinda wakipuliza vidole, yeye tangu mwaka uliopita hakujua kuungua ni nini.

Basi Jumamosi moja akaja dresa wa zahanati, kijana wa Kihehe jina lake Saulo, kuwafundisha wanawake habari za mwili. Akatundika ukutani picha kubwa ya mtu asiye na ngozi. Wanawake wakajifunika khanga usoni, wakacheka mpaka machozi.

"Chekeni, lakini sikilizeni," Saulo akasema, mwenyewe akijizuia kucheka. Akawaonyesha ubongo ndani ya fuvu: ule mkubwa wa juu, wa kufikiri na kukumbuka, wenye pande mbili, upande wa kulia ukitawala mkono wa kushoto, na wa kushoto ukitawala wa kulia. Kisha ubongo mdogo wa kisogoni, unaomfanya mtu asipepesuke, na shina la ubongo linaloendesha pumzi hata ukiwa usingizini. Kutoka hapo, akasema, uti unashuka ndani ya mifupa ya mgongo, na mishipa ya fahamu inatawanyika mpaka kwenye ncha za vidole.

"Ukigusa moto, habari inakimbilia mgongoni, na amri ya kuutoa mkono inarudi kabla ubongo haujajua kitu. Maumivu unayasikia baadaye."

"Mwongo!" wakapiga kelele. "Mbona Mama Tuse hautoi?" Wakamsukuma mbele, naye akaenda kwa maringo kama bibi harusi.

Saulo akamwambia afumbe macho, akachukua kipande cha pamba. "Nikikugusa, mama, sema ni wapi."

Akafumba. Akangoja. Akangoja mpaka akachoka.

"Bwana dresa, utaanza lini?"

Hakuna aliyecheka. Pamba ilikuwa imepita viganjani mwake mara tano.

Saulo akampapasa kiwiko. Mshipa ulikuwa umevimba, mnene kama kamba. Akamtoa nje, mbali na masikio ya watu.

"Mama, mikono yako si chuma. Mishipa inakufa, habari hazifiki. Ni ukoma." Akaona uso wa mama unavyobadilika, akaharakisha maneno. "Ni mwanzo tu! Siku hizi vidonge vipo. Alhamisi lori linakwenda Iringa, kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma; lipande. Ukichelewa, vidole vitaungua mpaka viishe, na wewe huna habari."

"Na mwanangu?"

"Naye lazima apimwe. Ila huko kambini hutalala naye, usije ukamwambukiza."

"Potelea mbali! Kitoto hata ndevu hakijaota, unanifundisha mikono yangu!"

Akaondoka mbio. Lakini tangu hapo hakukalika. Akikaa, anasimama. Akisimama, anafagia uwanja alioufagia muda ule ule. Sufuria sasa aliziipua kwa matambara mawili, akiulizwa anakuwa mkali. Jumatatu akaona lengelenge kwenye dole gumba, kubwa, limeshapasuka, na hakujua limempata siku gani. Hapo ndipo alipoogopa kikwelikweli. Wala si kwa ajili yake peke yake: miaka sita Tuse alikuwa akilala katika mikono hiyo hiyo. Kama mtoto naye anao, alijisemea, hapandi lori la mtu. Watarudi Rungwe wakafie kwao.

Jumatano mchana akashindwa kuvumilia. Akachomoa unyasi kwenye ufagio, akamkalisha Tuse kizingitini.

"Fumba macho. Nikikugusa, niambie."

"Shavu!" Tuse akacheka. "Kidole! Kidole kingine! Goti!"

Akamgusa unyayo. Kimya. Akamgusa tena. Kimya. Akapitisha unyasi polepole kutoka kisiginoni mpaka vidoleni, na mtoto amefumba tu, hasemi kitu.

"Tuse! Mungu wangu, Tuse!"

Mtoto akaangua kicheko, akaukunja mguu. "Nilijua, mama! Nilijikaza tu ili uendelee!"

Tupokigwe alitamani kumzaba kofi. Akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika, kisha akakumbuka alichoambiwa, akamwachia haraka.

Tuse akaunyakua unyasi. "Sasa zamu yako. Fumba macho, lete mikono."

Akafumba. Akautega mwili mzima. Alisikia upepo usoni, akasikia goti la mtoto likimgusa gotini. Mikononi hakusikia kitu.

"Wapi?"

Angeweza kubahatisha.

"Mama, wapi? Aa, unajua wewe! Unataka tu niendelee, kama mimi."

Tupokigwe akafumbua macho. Unyasi ulikuwa umekatika, kipande kimoja kimechoma katikati ya kiganja na tone la damu limetoka.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Kweli sijui. Ndiyo maana kesho napanda lori."