Huko Ni Maji Tu

Mama yangu alikuwa na mazoea ya kumwelekeza Mungu njia. Akimwombea mtu safari njema alitaja vituo vyote, kuanzia Londiani hadi steji ya Litein, Mwenyezi asije akapitiliza. Kwa hiyo wingu jeusi lilipotanda juu ya mashamba yetu ya chai, hakuishia kusema "tuepushe." Alimwonyesha Mungu mahali pa kulimwaga.

"Bwana, hii mvua ya mawe usiangushe hapa. Peleka huko ziwani. Huko ni maji tu."

Aliyasema hayo kwenye senta, kile kibanda cha mabati ambako sisi wakulima wadogo hupeleka majani mabichi yapimwe, tukisubiri lori la kiwanda. Mvua ya mawe ikikupata, dakika kumi zinatosha kukuchania shamba zima, kisha unakaa wiki nyingi ukitazama vijiti. Ndiyo maana wingu likija wanawake waliacha magunia na kumzunguka Mama. Jirani yetu, Mkipsigis mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili, hakuhangaika na amina. Mama akimaliza sentensi, yeye aligonga muhuri kwa lugha yake, yaani na iwe hivyo.

"Peleka ziwani!"

"Kapisa!"

Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye shamba langu na shaka zangu, kwa hiyo nilifumba jicho moja. Ziwa lenyewe hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikia. Tulilijua kwa samaki.

Samaki hao waliletwa kila siku ya soko na mwanamke mmoja kutoka ufukweni. Akimaliza kuuza Litein alipanda hadi senta na beseni lake, akatuuzia waliobaki, kisha akakaa na Mama kunywa chai ya thamosi. Walikuwa marafiki wa kutaniana. Yeye alituita watu wa majani, Mama akamwita Mama Samaki. "Mnalima chai nzuri hivi," alikuwa akisema, "halafu nyinyi wenyewe mnakunywa vumbi linalobaki kiwandani." Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliuma.

Siku moja wingu lilikuja akiwepo. Alisikia ombi, akaweka kikombe chini.

"Ziwani kwa nani?"

"Huko kwenu," Mama akamjibu. "Si ni maji tu?"

"Maji tu! Na sisi tunavua tukiwa wapi, juu ya mti?"

Tulicheka sote, yeye pia. Mama hakubadilisha ombi hata neno moja.

Halafu ikaja ile siku. Giza liliingia saa tisa mchana hadi kuku wakaenda kulala. Mama aliomba mpaka sauti ikakauka, jirani akagonga muhuri mpaka akakohoa, na wingu zima likatuvuka bila kuangusha hata punje, likaelekea upande wa Sondu, njia ya ziwani. Jioni hiyo Mama alitoa ushuhuda mbele ya akina mama wa kanisa. Mimi nilisema amina, tena kwa nguvu, maana chai yangu ilikuwa tayari kuchumwa.

Asubuhi redio ikasema dhoruba imelipiga ziwa usiku kucha. Mashua zilikuwa zimezama, watu wamekufa, na kila taarifa mpya iliongeza idadi. Wazee wa ufukweni walihojiwa, wakasema hawajawahi kuona kitu kama hicho tangu wazaliwe.

Mama alipiga simu ya Mama Samaki. Mteja hapatikani. Akapiga tena mchana, na kesho yake, na keshokutwa. Mteja. Siku ya soko ikapita bila beseni, na nyingine pia. Mama aliacha kuomba kwa sauti, hata chakula tulikula bila kukibariki.

"Mama, si wewe," nilimwambia. "Mungu hana lori la kubebea mawe."

"Jioni ile uliposema amina, lori lilikuwepo?"

Nilikasirika, kisha nikaona haya.

Siku ya soko ya tatu Mama Samaki alitokea senta, kitambaa cheusi kichwani, beseni tupu mkononi. Kaka yake, aliyekuwa akimletea samaki kutoka visiwani, alikuwa kwenye mojawapo ya mashua zilizozama. Yeye ndiye aliyekuwa na ile simu. Mama Samaki alikuwa amemwazima.

Mama alisimama mbele ya watu wote. "Ni mimi niliomba iende huko."

Mama Samaki alimsogelea. Nilidhani atampiga.

"Wewe?" akasema. "Wewe hata mbolea ukiiombea inachelewa. Lakini usituite maji tu tena."

Mama alianza kulia. Na mbingu, ambazo hazina adabu, zikachagua saa hiyohiyo kuweka wingu juu yetu. Wanawake wakamgeukia Mama kwa mazoea. Alijifuta uso na leso, akainua mikono.

"Bwana, kama ni lazima uiangushe, angusha hapa. Hapa ni majani tu."

Sote tulimtazama jirani, ambaye chai yake ilikuwa nzuri kuliko zote na ilikuwa ichumwe kesho yake. Alitazama shamba lake, akamtazama yule mwenye kitambaa cheusi.

"Kapisa," akasema, polepole.

Sijui kama Mama alisikika au ulikuwa msimu wa mvua hiyo tu, ila mawe yalianza kabla Mama hajashusha mikono. Tulikimbilia kibandani, tukajibana kati ya magunia. Wale wawili hawakukimbia. Mama Samaki aligeuza beseni lake, akalishika juu ya kichwa cha Mama na chake, wakasimama hivyo wakilia huku mawe yakiligonga na shamba langu likichanika mbele ya macho yangu. Nililia pia, kwa ajili ya chai yangu kwanza, siwezi kudanganya, lakini sijawahi kumpenda Mama kama saa ile. Alinuka samaki mpaka Jumapili.