Divine Hafuti Jina

Divine Niyongabo hakujifunzia kuchora shuleni. Alijifunzia kwenye kuta za nyumba ya bibi yake, mama mzaa mama, huko Kagerankanda, ambako kila mvua zikikatika wanawake hukanda udongo na kukandika nyumba upya. Bibi alikuwa na udongo wa aina tatu: mwekundu wa kichuguu, mweupe wa bondeni, na mweusi aliouchanganya mwenyewe na masizi ya chungu. Majirani walivuta mistari miwili chini ya dirisha wakaridhika. Divine, akiwa na miaka saba, alivuta mstari, akachora kuku juu yake, halafu akamchora jirani yao anayechechemea akimfukuza huyo kuku. Jirani alikuja kushtaki. Bibi akamtazama, akautazama ukuta, akasema, "Mbona ni wewe kabisa? Ulitaka amchore nani?"

Mama yake, Esteria, alikuwa Muha wa hapohapo, mwenye mdomo na mkono mwepesi wa jembe. Baba yake, Tharsisi Niyongabo, aliingia nchini mwaka sabini na mbili akiwa mgongoni kwa mama yake, wakikimbia vita Burundi. Hakukumbuka nchi nyingine zaidi ya hii. Hata hivyo alikuwa amejifunza kupita pembeni. Sokoni watu walimjua kwa jina la Philemon, jina alilojipachika darasa la pili baada ya wenzake kumcheka, na tangu hapo hakulivua.

Mwaka 2013 Divine alikuwa kidato cha pili, ana miaka kumi na sita. Mwalimu Hilali, aliyepangiwa kazi huko akitokea Tanga na ambaye bado alilalamikia baridi ya asubuhi, aliingia darasani na tangazo alilolikata gazetini. Kulikuwa na shindano la taifa, Tuzo ya Chipukizi wa Sanaa, kwa vijana wa miaka kumi na tatu hadi kumi na tisa: uchoraji, uchongaji, ushairi na ngoma. Washindi wa wilaya wangekutana Kibondo kwa mchujo wa kanda, na watakaopita hapo wangekwenda Dodoma.

"Anifa, wewe na mashairi yako," Mwalimu alisema. "Na wewe Divine, acha kunichora mimi nyuma ya daftari. Chora kitu cha maana."

Tangazo lilitaja rangi za dukani, ambazo Divine hakuwahi kuzigusa. Aliwamba kipande cha amerikani kwenye fremu ya fito za mkaratusi, akapika wanga wa muhogo uwe gundi, akachanganya na udongo wa bibi. Brashi zake zilikuwa vijiti alivyovitafuna ncha. Kwa wiki tatu alimchora mama yake akipura maharage, fimbo iko juu, maganda yanaruka, jasho limechora njia kwenye vumbi la shingo. Kona ya chini aliandika jina lake. Kasulu, wilayani kwao, picha ile ilishika nafasi ya kwanza bila ubishi, na Anifa naye akapita kwa shairi lake.

Kibondo mambo yalikuwa mengine. Ulikuwa mwezi wa tisa, na mwaka ule watu wenye majina kama la baba yake walitembea na karatasi mifukoni, kwani wahamiaji wasio na vibali walikuwa wakisakwa, na si kila aliyesimamishwa njiani alipewa nafasi ya kujieleza. Mwenyekiti wa majaji, Bwana Venanti, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba, alisimama mbele ya picha muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya nyingine yoyote. Divine akadhani ni dalili njema.

"Nani amekuchorea?"

"Nimechora mwenyewe, mzee."

"Kwa rangi gani hii?"

"Udongo."

"Udongo ni wa kupakia nyumba." Akainama kusoma kona. "Na hili jina lako la pili ni la wapi?"

"Ni la baba yangu."

"Nimekuuliza ni la wapi."

"Ni la Kagerankanda, mzee. Ndiko baba anakolima."

Kuna watu walicheka nyuma ya ukumbi. Bwana Venanti hakucheka. Alifunga jalada lake na kusema shindano ni la Watanzania, na kama binti hana cheti cha kuzaliwa hapo mkononi, yeye hawezi kuhatarisha kazi yake. Divine hakuwa na cheti. Alizaliwa nyumbani, akapokelewa na bibi, kama nusu ya darasa lake.

Kisha mwenyekiti akamvuta Mwalimu Hilali kando, lakini hakujua kunong'ona. Picha ni nzuri, alisema, kanda ingependa iende Dodoma. Huyu mwanafunzi mwingine, Anifa, jina lake halina matatizo. Basi iandikwe ya Anifa, kona ile ipakwe kidogo, na kila mtu arudi kwao salama.

Mwalimu alirudi anafuta uso kwa leso. "Divine, mwanangu, tufikiri pamoja. Picha ifike kwanza. Jina tutalirekebisha mbele ya safari."

"Mwalimu, mbuzi wako akishalala zizini kwa mwenzio na kutiwa alama ya mwenzio, huko mbele ya safari anarudije?"

Anifa, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Mimi hata duara sijui kuchora. Wakiniambia nichore mbele yao nitafanyaje? Mimi simo!"

Divine alimkumbuka baba yake akiitwa Philemon, akiitika haraka kama mtu aliyeshikwa na kosa. Akavuta kiti, akapanda, akaishusha picha kutoka kwenye msumari.

"Ukiitoa hapo umejitoa," Bwana Venanti alisema.

"Sijajitoa. Mmenitoa. Naomba muandike hivyo."

Hakuna aliyeshika kalamu. Ndipo Anifa akafungua daftari lake la mashairi, akaandika tarehe, saa na yale maneno yote, halafu akamsogezea Mwalimu Hilali. Mwalimu alisoma mara mbili. Alikuwa na mke Tanga na barua ya uhamisho aliyokuwa akiifuatilia kwa mwaka mzima. Akatia saini.

Walilazimika kubaki Kibondo siku mbili, maana zamu ya ushairi ilikuwa bado. Mkabala na ukumbi mama lishe mmoja aliyeitwa Mwajabu alikuwa amemaliza kujenga kibanda chake cha kuuzia chakula, kuta zimekandikwa juzi, bado zina harufu ya udongo. Alimwona binti amekaa kwenye benchi, picha mapajani, chai imepoa hadi imeganda utando.

"Umefiwa?"

Divine akamsimulia. Mwajabu alisikiliza huku anakatakata vitunguu, na alipomaliza alijifuta machozi, ya vitunguu au ya nini hakuna ajuaye.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema. "Wamekukatalia ukuta wao? Huu hapa wangu, mtupu. Unaelekea mlangoni kwao palepale."

Divine hakusubiri aambiwe mara ya pili. Udongo mwekundu ulikuwa umejaa kando ya barabara ya Nyakanazi. Masizi alikwangua kwenye masufuria ya Mwajabu, nyeupe akatumia majivu na wanga. Alimchora mama yake upya, sasa mkubwa, kichwa kinagusa ukingo wa bati, fimbo imeinuliwa kuelekea mlango wa ukumbi. Wachuuzi waliacha matenga yao. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akashuka, akasema, "Mwakeye, mama," akiusalimia ukuta, watu wakaangua kicheko. Chini, kwa herufi pana kama sahani za wali, Divine aliandika: DIVINE NIYONGABO, KAGERANKANDA.

Mchana wa siku ya pili majaji walikuja kula, maana ugali wa Mwajabu na migebuka yake ya ziwani haikuwa na mpinzani mtaa ule. Walikaa chini ya ile fimbo. Bwana Venanti alikula matonge mawili, akasukuma sahani.

"Mama, hili lichoro lina kibali?"

"Kibali gani?" Mwajabu akamjibu. "Ukuta wangu, udongo wa Mungu, na msichana anayejua jina lake. Nikuongezee mchuzi?"

Mwaka ule Divine hakwenda Dodoma. Anifa alikwenda, akarudi bila zawadi lakini na stori za mwezi mzima.

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, wakiwa shambani, baba yake alikita jembe chini. "Mwana wanje, mwanangu, umetuanika. Jina langu barabarani, mwaka kama huu!"

"Baba, nami ni langu."

"Hujui tulivyoishi."

"Najua. Mmeishi mkiinama. Mimi mgongo unaniuma nikiwa bado mdogo." Mara tu alipolisema aliona limemchoma baba, na akatamani kulirudisha. Lakini hakuomba radhi, na baba hakumpiga. Waliendelea kulima, kila mmoja mstari wake.

Mwezi wa kumi na moja Tharsisi alikwenda Kibondo kuuza maharage. Yaliyotokea huko Divine aliyapata kwa Mwajabu, aliyempigia Mwalimu Hilali simu akicheka na kulia. Mwanaume mmoja mnyamavu, alisema, alisimama mbele ya ukuta hadi chai ya asubuhi ikaisha. Kijana wa bodaboda akamuuliza, "Mzee, unamjua huyo?" Yule mtu akavua kofia. "Ni mke wangu," akasema. "Aliyemchora ni binti yangu. Niyongabo ni mimi."

Tangu siku hiyo mtu akimwita Philemon sokoni aligeuka taratibu na kumsahihisha.

Esteria naye hakukaa bure. Alimchukua bibi, mkunga mwenyewe, akaenda naye kwa mtendaji wa kata kupata barua, kisha wilayani kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Walirudishwa mara tatu: mara mtu wa muhuri hayupo, mara fomu zimekwisha, mara herufi moja imekosewa. Mara ya nne bibi alitandika kitenge mlangoni mwa ofisi na kutangaza kwamba amezalisha watoto mia na zaidi, na kwamba kama mikono yake si ushahidi, basi wamwonyeshe mikono iliyowapokea wao. Cheti kikatoka.

Tangazo la 2014 lilipofika, Mwalimu Hilali alishauri safari hii watumie rangi za dukani, wasiwape majaji sababu. Hata alijinyima akanunua kisanduku. Divine alimshukuru kwa adabu, akakiweka rafuni. Akachora kwa udongo uleule benchi la ofisini: wanawake tisa wamekaa wakisubiri, kila mmoja na karatasi yake, na wa mwisho ni bibi, miguu pekupeku imenyooshwa hadi katikati ya njia. Majaji wa kanda walikuwa wengine mwaka huo. Walikagua cheti, wakakagua picha, wakampitisha.

Dodoma, ukumbi ulijaa vijana waliovaa sare za kila rangi. Divine alikaa safu ya nne pamoja na Mwalimu Hilali. Uchoraji ulipofika, mshereheshaji, kijana mchangamfu wa kwenye redio, alitangaza nafasi ya pili.

"Kutoka Kigoma... Divine! Divine wa Kigoma, tumpigie makofi!"

Makofi yakapigwa. Divine hakusimama.

"Divine N., yupo?"

"Simama, ni wewe," Mwalimu alinong'ona.

"Hajamaliza kuniita."

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mshereheshaji akachungulia karatasi, akacheka kidogo, akasema jina lenyewe ni gumu, asamehewe. Sauti ya msichana ikatoka safu ya nne, si kali, ila ilifika kote. "Si gumu. Ni silabi nne. Naomba ulisome."

"Ni... Niyo..."

"Endelea."

"Niyongabo," akasema yule kijana, jasho linamtoka. "Divine Niyongabo."

Ndipo akainuka. Alitembea hadi jukwaani bila haraka, akapokea cheti, akakisoma pale pale herufi kwa herufi kabla ya kutoa mkono. Nafasi ya kwanza ilichukuliwa na mvulana wa Mtwara aliyechora mvua ikinyesha juu ya mikorosho. Divine aliitazama picha yake kwa muda mrefu, akamwambia Mwalimu kwamba yule kijana amestahili, na kwamba mwakani atajaribu kuchora mvua, ingawa hakujua ataitoaje kwenye udongo.

Mwaka 2015 wakimbizi wapya walianza kumiminika kutoka Burundi, kambi iliyokuwa jirani na Kasulu ikafurika, na midomoni mwa watu yale maneno ya zamani kuhusu wageni yakarudi. Divine alikuwa kidato cha nne. Jumamosi alichora kuta za maduka Kasulu mjini, na wenye maduka walijua sharti lake: jina linakaa kona, kamili, la sivyo atafutwe mchoraji mwingine. Wawili walimkataa kwa ajili hiyo. Hakuwafuata.

Asubuhi moja alikuwa juu ya ngazi, anachora ng'ombe kwenye duka la dawa za mifugo, bwana mmoja aliyevaa suruali ya kupigwa pasi akasimama chini na kusoma jina alilokuwa amelimaliza.

"Niyongabo. Umekuja na hawa wapya?"

"Nimekuja na mama yangu," Divine akajibu bila kugeuka. "Alinibeba miezi tisa, akanishusha Kagerankanda."

Yule bwana hakuondoka. Divine akachovya kijiti kwenye kopo la udongo mwekundu na kunyoosha mkono kuifikia pembe ya ng'ombe. Ngazi ikayumba.

"Wewe bwana," akamwambia, "maadamu umesimama hapo, nishikie hii ngazi."

Akaishika.