Jina Langu ni Kwapa

Siku niliyopewa jina la alama naikumbuka kama ya juzi, mwanangu. Nakusimulia kwa sababu asubuhi hii nimekuona, wewe mwenye wiki moja kazini, ukiwafundisha wenzako jina ulilojichagulia mwenyewe. Nyota, eti. Hebu keti kidogo.

Nilikuwa nimerudi kutoka India na stashahada ya uongozi wa miradi. Hakunisomesha mjomba wala serikali. Niliuza viatu vya mtumba Tandale mpaka nikapanda ndege. Basi nilipoajiriwa hapa kituo cha viziwi Temeke, stashahada hiyo sikuiacha nyumbani. Niliiviringisha ndani ya bomba la plastiki, nikawa natembea nayo kwapani: ofisini, kwenye karakana ya ushonaji, hata msalani. Aliyeuliza ni nini, nilimweleza. Asiyeuliza, nilimweleza vilevile.

Desturi ya hapa unaijua. Jina la mgeni huandikwa hewani kwa vidole, herufi moja moja, mpaka viziwi wenyewe wampe lake. Mie sikusubiri. Nilijibunia: mkono unaopaa kama ndege kutoka kwenye paji la uso. Nikamwonyesha Bi Mwanaidi, mkuu wa karakana, kiziwi, mama asiye na haraka na mtu. Alinitazama, akawageukia mafundi wake, akabana mkono ubavuni mara mbili. Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Wanasemaje?" nikamuuliza Rehema, mkalimani wetu.

"Wamekupa jina, kaka Deo." Alikuwa amejiziba mdomo. "Kwapa."

"Waambie mie ni Afisa Mradi Deogratias!"

"Kwa vidole? Wakimaliza, chai imeshapoa."

Nikasusa. Mtu akibana mkono, mie natazama feni.

Ikafika Jumamosi ya harusi ya Juma, fundi cherehani wetu, kiziwi pia, huko kwao Madale. Juma mwenyewe aliniomba nitoe nasaha kwa maharusi, na hotuba nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka mke wangu akahamia sebuleni. Basi dogo la kituo likaja. Bi Mwanaidi akasimama mlangoni akiita watu. Alipofika kwangu, akabana mkono. Mie natazama paa la jirani, nangoja aliandike jina langu lote. Akaita tena. Kisha akainua mabega, akapanda, gari likaondoka.

Nilikodi bodaboda. Nikafika Madale suti imejaa vumbi, imekuwa rangi ya vilima vyao. Mlangoni walisimama kaka wawili wa Juma, viziwi wote, wakaniuliza mie nani. Nikaanza kuandika kwa vidole: D, E, O, G... Katikati ya safari mmoja akapiga mwayo. Hawamjui huyo. Nikarusha ndege yangu. Hawamjui kabisa. Na ndani naona sahani za pilau zinapita, kiti changu cha meza kuu ki wazi, na Juma anaangaza macho huku na huku, uso umemshuka. Ananitafuta mimi.

Nikabana mkono ubavuni.

Nyuso zao zikawaka. Kumbe walikuwa wananijua siku zote! Mmoja akanivuta ndani, akawapungia watu, akalitaja jina langu. Ukumbi mzima ukainua mikono ukitikisa viganja. Ndiyo makofi ya viziwi. Juma akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Hotuba yenyewe ilikuwa nzuri mno. Rehema aliyeitafsiri alitoa machozi, ingawa hadi leo anasingizia kachumbari.

Wakati wa kula, Bi Mwanaidi akaja kwangu. "Majivuno yako yote ya mdomoni, mwanangu, sijasikia hata moja," akasema kwa mikono yake. "Nilichoona ni kijana aliyebana kitu akiogopa kisidondoke. Nikakuita hivyo."

Kwa hiyo achana na Nyota, mwanangu. Fanya kazi, kula nao, waache wakutazame. Jina litakuja, na likija, liitikie papo hapo hata kama ni la pua yako, maana aliyekupa amechukua muda kukuangalia. Mie nina stashahada, nina nyumba Kiwalani niliyoijenga mwenyewe, lakini kinachonifungulia milango ya viziwi mji huu ni Kwapa.

Mungu akuangalie kwa wema kama watakavyokuangalia hawa, na kila harusi utakayokwenda, ufike pilau lingali la moto.