Sufuria Yangu na Chupa za Zibibbo

Kwa miaka kumi na mmoja nimechemsha zabibu kavu za Meza ya Bwana katika kanisa letu la mtaa wa Jericho. Kila mwezi nazinunua sokoni, naziloweka Ijumaa, na Jumamosi nazichemsha mpaka maji yawe na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Hakuna aliyewahi kunishukuru mbele ya watu, lakini vikombe vikipitishwa najua ni kazi ya mkono wangu, na hilo lilinitosha.

Kisha mdogo wangu akaja likizo kutoka Italia, anakotunza wazee, na chupa sita za juisi ya zabibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Mimi mwenyeji niliugua. Mama alizipanga juu ya kabati la vyombo, akamwita mzee wa kanisa aje azione. Wakakubaliana kwamba Jumapili hiyo sufuria yangu ipumzike. Niliona wivu, na sitauremba kwa jina jingine.

Kwenye chupa paliandikwa aina ya zabibu: Zibibbo. Mama alilitamka jina hilo siku nzima kama mzaliwa wa huko. Nikalitafuta kwenye simu, nikiomba nikute aibu. Nikasoma kwamba Waarabu huziita zabibu kavu zabib. Neno hilo lilifika Sisilia, kisiwa cha Italia, likawa jina la mzabibu, na hilohilo likatua pwani yetu likawa zabibu. Kumbe chupa za ng'ambo zilibeba jina la kilichomo sufuriani mwangu! Nilifurahi kwa ubaya.

Jumamosi nilingoja Mama aketi, ndipo nikamwambia mdogo wangu, "Hii Zibibbo yako ni zabibu kavu tu. Ni zile mimi huchemsha hapa kila mwezi."

Aliendelea kukunja leso yake.

"Najua, dada. Nilisoma hiyo jina kwa duka nikakumbuka sufuria yako. Ndio maana nikabeba. Nilitaka upumzike hata Jumapili moja."

Mama alimtazama kwa macho ambayo nimeyangoja tangu utotoni. Nikasema asante.

Kesho yake kikombe kilinifikia. Kilikuwa kitamu kushinda changu, nikakimaliza. Alikuwa amenishinda kwa chupa, akanishinda kwa kulijua neno, na sasa hata kwa wema alikuwa amenitangulia.