Wakitisha Kukata, Waambie Wakate

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Ndoa yangu ilinyeshewa mvua, mjomba akalewa, basi. Lakini asubuhi ninayokuambia nilikuwa nimekumbatia cherehani yangu, natoka nayo nje kumpa mwizi, tena mwizi mwenyewe namwambia, "Pardon, papa."

Unacheka? Cheka. Ukimaliza nisikilize, maana juzi nimekukuta na machozi mbele ya simu yako, na uso wako ulikuwa uso wangu wa siku ile.

Tulikaa komine ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, wakati Zaïre inabomoka mbele ya macho yetu. Kazi za shaba zilikuwa zimesimama, mishahara haiji. Maduka ya mjini yalikuwa yameporwa, milango imebaki wazi. Pesa ya asubuhi, jioni hainunui mkate. Babu yako alikwenda Kasumbalesa, mpakani, kutafuta kazi ya kushusha mizigo, mimi nikabaki na mama yako, mtoto wa kunyonya. Cherehani ile niliachiwa na marehemu mama yangu, na ndiyo ilikuwa inatulisha. Nikishona, tunakula bukari, ugali wetu. Nisiposhona, tunalala hivyo hivyo.

Tulipanga kwa Mama Kisimba, mjane mwenye parcelle, kiwanja chenye nyumba za kupangisha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Familia zote za pale tulichota kwenye bomba moja, uani kwake.

Basi akaja bwana mmoja, suruali imepigwa pasi, mkoba kwapani, mkononi karatasi yenye muhuri mwekundu. Akajitambulisha kuwa anatoka ofisi ya maji.

"Mama, abonnement yenu ya maji inaisha leo saa sita. Kama hamufanye renouvellement, hamulipe tena, tunakata. Na kurudishiwa maji, ni miezi."

Nikamwambia sina kitu. Akachungulia ndani, akaiona cherehani. "Haina neno. Tunapokeaka bintu pia, si pesa tu. Lakini fanya mbio, bakataji beko nyuma yangu."

Fanya mbio! Neno hilo ndilo lililonimaliza. Nilimwona mtoto wangu bila maji, na kipindupindu kinazunguka mitaani. Sikumuuliza hata jina lake. Nikaingia ndani, nikaibeba cherehani, nikatoka nayo huku nasema, "Pardon, papa," kwa kumchelewesha.

Mama Kisimba alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliponiona, mchi ukasimama.

"Weye, ile mashini unaipeleka wapi?"

Nikamweleza. Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Alimgeukia yule bwana.

"Unataka kukata maji yangu?"

"Njo vile sheria inasema, mama."

"Kata."

Bwana akarudi nyuma hatua moja. "Mama, tuongee vizuri..."

"Miye naongea vizuri. Kata! Saa sita ya nini? Kata sasa hivi. Vane yangu iko wapi? Onyesha!"

Sasa elewa, mwanangu. Vane ni ile koki ya chini ya ardhi ya kufungia maji ya nyumba. Tangu siku za uporaji, Mama Kisimba alikiweka kinu chake cha sombe juu ya kifuniko cha vane, ili chuma kisiibwe. Wakataji wa kweli tuliwajua vizuri sana, maana bili zilitushinda si mara moja. Wale hawakuwa na hotuba. Waliingia na spana begani, wakaenda moja kwa moja mpaka kwenye kinu, wakasema, "Mama, tunaomba usogeze." Walijua ilipo kwa sababu ni wao walioifukia.

Huyu wetu aliangalia bomba, akaangalia ukuta, kisha akanyoosha kidole kwenye mpapai. "Iko... pale."

Looo! Mama Kisimba alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akaanza kugonga kinu kwa mchi na kuita kwa nguvu zake zote: "Bamama! Kujeni muone! Mukataji wa maji hajui maji iko wapi!"

Wakamiminika. Hapo ndipo tulipojua kwamba jirani wa nyuma alikwisha kumpa radio, mwingine vitenge vyake vipya, na kila mmoja alikuwa amenyamaza ndani mwake kwa haya. Yule bwana akatimua mbio, mkoba ukabaki mikononi mwa wanawake. Vitenge vilikuwa mle. Radio haikuonekana tena, na jirani yule aliililia miaka.

Mama Kisimba akanibebea cherehani mpaka mlangoni kwangu. "Wenye maji yetu banajua kinu yangu iko wapi," akasema. "Asiyejua, akate tu tuone. Na weye, usiombe tena mwizi pardon."

Leo tena nchi inatikisika. Vita huko mashariki, ndugu wanakimbia, kila mtu ameshika simu akingoja habari mbaya. Na katikati ya hayo unaletewa ujumbe: abonnement yako ya televisheni inaisha leo, bonyeza hapa, weka code yako ya siri, la sivyo tunakata. Yule bwana amebadilisha suruali tu! Wanazipenda siku kama hizi, kwa sababu mtu mwenye hofu haulizi vane iko wapi.

Mimi nimekataa kuogopa mara ya pili. Ndiyo maana juzi nilikunyang'anya simu, tukawasha televisheni, tukaangalia abonnement yetu kwenye dekoda yenyewe. Ilikuwa na mwezi mzima mbele.

Kwa hiyo shika hili, mwanangu. Ujumbe ukikutisha, usipite njia uliyochorewa na ujumbe. Nenda kwa miguu yako: kwenye duka ulikolipia, au kwenye namba iliyoandikwa kwenye karatasi uliyopewa siku ya kununua. Jiulize kwanza kama hicho kitu unacho kweli, maana wengine wanaambiwa walipie ambacho hawajawahi kukiomba. Code yako ya siri usimpe mtu, hata akijua jina lako, hata akisema anatoka benki. Na kama umekwisha kuibiwa, usijifungie ndani na haya. Haya ni ya mwizi. Piga simu mara moja kwa wanaokutunzia pesa wazuie, badilisha code, kisha gonga kinu, majirani wote wasikie.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe jicho la kutazama mlangoni na sauti ya Mama Kisimba kooni. Wakirudi, na watarudi, usitetemeke. Maji yetu yalitoka siku ile saa sita, yakatoka na jioni, na gauni ulilovaa nimelishona kwa cherehani ile ile. Waambie wakate.