Beseni la Mchanga la Mzee Olal

Adoch hana mchezo na uchafu. Miaka kumi na mitano amepiga deki wodi za hospitali, na mkono wake ukipita mahali hata nzi huona aibu kutua. Chumba chake cha mtaa wa Namuwongo kinanukia dawa ya jiki tangu mlangoni. Sasa mwambie mtu kama huyo aishi na kitoto cha paka kinachojisaidia chini ya kitanda!

Paka aliletwa na Shamim, jirani, kwa sababu ya panya. Panya wakasahauliwa siku ile ile. Mzee Olal, baba yake Adoch, sajenti mstaafu wa polisi aliyehamia kwake kutoka Kitgum, kaskazini mwa nchi, baada ya kumzika mkewe, alikuwa amemaliza miezi mitatu bila kusema zaidi ya "ndiyo" na "nimeshiba". Alipowekewa paka mapajani, ulimi ukafunguka. Akamsimulia habari za gwaride, za mvua, za mbuzi. Adoch alisikiliza huku akiosha vyombo na, tuseme ukweli, alimwonea paka wivu.

Ila chini ya kitanda palinuka.

"Baba, hii paka nampa mpaka Jumamosi," alisema. "Kama hajifunzi, anaenda Kisenyi kwa watu ya kusaga mahindi. Kule panya iko mingi."

Mzee alimvuta paka karibu zaidi na tumbo lake.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la paka huyu lilikuwa beseni. Adoch alilijaza mchanga, akawa anamweka paka humo kila alipomaliza kula. Siku ya kwanza alichimba, akajisaidia vizuri kabisa. Kwa furaha Adoch akamwaga mchanga wote, akasugua beseni kwa jiki mara mbili, akatia mchanga mpya. Paka aliporudi alinusa, akapiga chafya, akaenda zake chini ya kitanda. Ikawa hivyo Jumatano, ikawa hivyo Alhamisi. Kadiri paka alivyokosea ndivyo Adoch alivyozidi kusugua.

Ijumaa alipoinama tena na brashi, mzee alisema, "Hii paka iko na akili. Inatafuta harufu yake, ijue hapa ni kwake. Wewe unafuta kila siku."

"Sasa niache uchafu ndani ya nyumba, Baba?"

"Kidogo tu." Kisha akaongeza, "Hata blanketi yangu ulifua siku ile nilifika. Ilikuwa na moshi ya jikoni ya mama yako."

Adoch alikaa sakafuni. Blanketi lile alilifua mara tatu, tena akajisifu kwa Shamim jinsi lilivyotakata. Hakuambiwa, lakini pia hakuuliza. Aliiweka brashi chini.

Jumamosi asubuhi paka alichimba mchangani na kujisaidia. Adoch alizoa kinyesi tu, akaacha konzi moja ya mchanga uliolowa, akauchanganya na mkavu. Vidole vilimwasha kwa hamu ya jiki. Badala yake alikwenda kuketi karibu na baba yake, mikono mitupu.

"Baba, moshi ilikuwa ya kuni gani?"

Mzee alimshusha paka sakafuni.

"Ya mti ya yaa, ile inatoa mafuta," alisema. "Mama yako alikuwa anakataa kuni ingine yote." Na hakunyamaza mpaka chai ikapoa.