Kobla ya Maembe Siku Stima Zilipopotea

Katika kundi letu la familia za Afrika Mashariki hapa magharibi mwa Sydney, kila mtu anajulikana kwa chakula chake. Mwenyekiti wetu, dada mmoja wa Tanga, ana pilau. Kuna mama Mkongo wa Mount Druitt ambaye ana sombe, kisamvu cha kwao, na hakuna anayethubutu kupika sombe akijua yule mama atakuwepo. Mimi nina barafu.

Sikuzaliwa na barafu. Krismasi ya kwanza tangu nijiunge na kundi nilileta mandazi, ndoo nzima. Yalikwisha upesi mno, nami nikajipongeza, mpaka nilipotazama uwanjani nikaona watoto wanayachezea kriketi. Tangu siku hiyo, majukumu yakigawanywa kwenye WhatsApp, mwenyekiti huniandikia kwa upole wa watu wa pwani: "Mdogo wangu, wewe tuletee barafu, jua kali."

Mwaka jana nikakataa. Nesi mwenzangu kazini alikuwa ameleta kitu kitamu sana cha wakati wa mapumziko: matunda yameiva hadi yamekuwa kama jemu, na juu yake vidonge vya mkate laini vilivyokauka rangi ya dhahabu. Nilimuuliza kinavyopikwa tukiwa tunanawa mikono, na kabla hatujajifuta alikuwa amemaliza kunieleza. Unakata matunda, unayatia sukari na ndimu. Unasugua siagi kwenye unga ule unaoumuka wenyewe, unamimina maziwa, unadondosha kwa kijiko juu ya matunda, unaingiza kwenye oveni. Basi. Hakuna kukanda, hakuna kusukuma. Nikaona hiki ndicho chakula nilichoumbiwa.

Nikaandika kwenye kundi: "Mwaka huu naleta kitindamlo." Kisha mwenyekiti akatuma picha ya macho mawili makubwa, bila neno.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nakuru. Tunaishi Quakers Hill, mtaa mtulivu wa nyumba zenye ua na mapipa ya taka yaliyopangwa kama askari. Mimi na mume wangu tukienda kazini, Mama alibaki dirishani akitazama barabara ambayo haipiti mtu. Alikuwa ameuza mitumba sokoni karibu maisha yake yote, na kimya kilimkaa vibaya.

"Mwanangu," aliniuliza wiki ya kwanza, "watu wa hapa walihamia wapi?"

"Wako ndani, Mama."

"Wote?"

Kwa hiyo niliponunua kasha la maembe na kilo chache za mapichi, alifurahi kupata shughuli. Jumapili ya sherehe ya Krismasi tuliamka mapema, tukakaa mezani tukimenya. Redio ilikuwa imetangaza joto la kupita digrii arobaini, na moto wa wazi kupigwa marufuku jimbo zima kwa sababu ya hatari ya misitu kuwaka.

"Kinaitwaje tena hiki chakula?" Mama akauliza.

"Kobla."

Akaweka kisu chini. "Cobbler si fundi wa viatu?"

"Ni jina tu, Mama."

"Jina halikosi sababu." Akachukua embe, akalinusa. "Na hili limeshaivishwa na jua. Moto wa pili wa nini?"

Nikaendelea kusugua siagi kwenye unga. Mama akaitazama kazi yangu kwa muda, akauliza kibao cha chapati kiko wapi, nikamwambia hakuna chapati. Akauliza mwiko, nikamwambia ni kijiko tu. Nilipoanza kudondosha yale madonge juu ya matunda, moja huku, jingine kule, bila mpango, alifumba macho kama mtu anayemwombea mgonjwa.

Trei ilikuwa imejaa na imependeza. Nikafungua oveni ambayo nilikuwa nimeiwasha ipate moto. Ndani kulikuwa na giza na uvuguvugu. Nikabonyeza kitufe. Nikabonyeza tena. Kiyoyozi nacho kilikuwa kimekata pumzi, friji imenyamaza.

"Stima zimepotea," akasema Mama, na nakuapia kulikuwa na furaha katika sauti yake. Hatimaye Australia ilikuwa imefanya jambo analolifahamu. "Lete jiko la makaa. Tunaweka makaa chini, tunaweka mengine juu ya kifuniko. Nimeoka keki za harusi hivyo."

"Mama, leo makaa ni marufuku."

"Hata nyuma ya nyumba?"

"Hata nyuma ya nyumba. Watakuja na gari la zimamoto."

Akakaa. Mtaa mzima ulikuwa umezimika, na ukimya ukazidi kuwa ukimya. Nikaitazama trei yangu. Unga ulikuwa umeanza kulegea kwa joto, na inzi wa Sydney, ambao hawana adabu, walikuwa wamekwisha kupata habari. Akilini nilimwona mwenyekiti akinipokea nikiwa mikono mitupu na kuniuliza kwa upole, "Basi hata barafu hukuleta?"

Hapo ndipo harufu ya soseji ilipoingia dirishani.

Ilitoka kwa jirani, mzee wa Kizungu anayeishi peke yake upande wa kulia. Kwa miaka yote tuliyokaa pale, mazungumzo yetu yalikuwa ni kupungiana mkono, na kukumbushana pipa gani linatolewa wiki gani. Ana jiko kubwa la gesi la kuchomea nyama, lenye kifuniko kama boneti ya gari.

"Huyo ana moto," Mama akasema.

"Wa gesi unaruhusiwa, ukiwa karibu na nyumba na maji yako tayari."

"Basi twende."

"Mama, hapa huwezi tu kwenda kwa mtu."

Alinitazama kama vile nimemwambia hapa watu hawanywi maji. Kisha akachukua lile kasha la maembe, lililokuwa limebaki tupu, akatoka nje, nami nyuma yake na trei mkononi, akaliegemeza kwenye ua, akalipanda. Kichwa chake chenye kitambaa chekundu kikatokea upande wa pili.

"Hallo, Baba!" akaita.

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na trei. Nikasikia koleo likianguka. Kisha sauti ya mzee, ndefu, ya puani, maneno yote yameshikana mikono.

Mama akainama kuniuliza, "Huyu anaongea Kiingereza cha wapi?"

"Cha hapa. Anauliza kama kuna shida."

Mama akamweleza. Kiingereza chake ni kizuri, alikitumia miaka mingi kubishana na wateja, lakini ni cha Nakuru, na mzee akamtazama kwa makini sana bila kuambulia kitu. Akanigeukia mimi: "Mama anasemaje?" Basi nikasimama kwenye ua wangu mwenyewe nikitafsiri Kiingereza kwenda Kiingereza, nikaeleza habari za oveni, stima, na fundi wa viatu.

Mzee aliposikia neno kobla alibadilika uso. Akafuta mikono kwenye kaptula. "Ya mapichi?" akauliza. "Mke wangu alikuwa akipika ya mapichi. Ileteni haraka, kabla unga haujalala."

Ikawa kama amepewa kazi ya serikali. Aliondoa soseji zake kabla hazijaiva. Akatufundisha kwamba unawasha moto pembeni, unazima wa katikati, trei inakaa katikati, unafunga kifuniko, na jiko la nyama linageuka oveni. Kisha akavuta mpira wa maji wa bustani, akamkabidhi Mama.

"Anasema sheria inataka mtu mzima asimame na maji," nikamwambia.

Mama akaupokea mpira kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona amesimama wima namna ile tangu ashuke kwenye ndege.

Tukangoja. Jua lilikuwa linachoma hata kivulini. Mzee akatuletea viti na maji baridi, na Mama akakataa kukaa kwa kuwa yuko zamu. Walianza kuongea. Mama akimuuliza watoto wangapi, mzee anajibu habari za nyanya zake. Akimuuliza nyanya, anajibu habari za goti. Nilianza kutafsiri, nikaona navuruga, nikanyamaza. Harufu ikaanza kutoka chini ya kifuniko: siagi, sukari, embe lililokubali moto wa pili. Mama akavuta pumzi, akanyanyua nyusi.

Mzee akafungua kifuniko kutazama. Sharubati ya matunda ilikuwa inachemka na kufurika, na tone moja likadondokea kwenye moto wa pembeni. Ulimi wa moto ukaruka juu, puu!

Mama hakungoja amri. Alifungua maji yote.

Alipiga jiko, akapiga soseji zilizokuwa kando, kisha, katika kutafuta shabaha, akampiga mzee kuanzia kifuani hadi magotini. Kofia yake ikaruka. Nilipiga kelele "Mama, kobla!" naye akageuza mpira pembeni kwa ustadi, kona moja tu ya trei ikalowa. Moto ukazimika. Tukabaki tukisikiliza maji yakichuruzika kwenye ndevu za jirani yetu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nikaanza kuomba msamaha kwa lugha zote mbili. Mzee akainua mkono kuninyamazisha. Akageuka polepole, akampa Mama mgongo, akasema neno moja.

"Anasemaje?" Mama akanong'ona.

"Anasema umwagie na huku nyuma. Joto kali."

Mama akacheka mpaka akaketi chini na mpira wake. Sijui kama tangu baba mkwe afariki niliwahi kusikia kicheko kile. Mzee naye akacheka, kicheko cha kukwaruza kama gari lililokaa muda mrefu bila kuwashwa. Kisha wakawasha jiko upya, wakanifukuza, wakasema nikaoge nivae.

Niliporudi, kobla ilikuwa imeiva. Juu ilikuwa imepasuka na kukauka vizuri, na kona ile iliyolowa ilikuwa imebaki kama uji. Nikamshukuru mzee, nikashika trei tuondoke. Nikageuka, nikamkuta amevaa shati safi la maua, kiti cha kukunja kikiwa kwapani.

"Nimemwalika," akasema Mama. "Mtu hawezi kukupikia halafu ukamwacha na soseji mbichi."

Sherehe ilikuwa kwenye bustani ya umma, kando ya ziwa. Makaa yakiwa marufuku, wanaume walikuwa wamesongamana kwenye majiko ya umeme ya bustani wakimtazama mbuzi wao kwa huzuni, kwa sababu badala ya kuchomeka alikuwa anachemka. Mume wangu alikuwa ametoka zamu ya bohari moja kwa moja, bado na kizibao chake cha kazi cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa. Alimwona jirani, akaniuliza kwa macho, nami nikamjibu kwa mabega.

Mwenyekiti alikuja kuifunua trei mwenyewe. "Jamani," akasema, "hiki nacho kinaitwaje?"

"Kiatu," Mama akamjibu. "Onja."

Mwenyekiti akaonja kwa ncha ya kijiko, kama daktari. Akarudisha kijiko, akachota tena, safari hii kwa moyo. Yule mama wa sombe akaja, akala, akatikisa kichwa: "Eh, maman! Hii ni chakula ya paradiso." Watoto wakapanga foleni kwa Kiingereza. Mzee aliketi katikati ya wamama, kila aliyepita akamwongezea pilau, akidhani hajahudumiwa, naye hakujua kwamba kwetu sahani tupu ni ombi. Alikula sahani baada ya sahani kwa adabu kubwa, jasho likimtoka.

Na walipouliza nani kaoka, Mama akasema ni yeye na jirani. Mimi, akaongeza kwa haki, nilimenya.

Sikubishana. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimepona vya kutosha.

Jioni upepo wa kusini ukaingia. Wenyeji wa Sydney wanaujua: dakika hii unayeyuka, dakika inayofuata mtu kama amefungua friji ya dunia. Ulipita juu ya ziwa, ukabeba vikombe, ukanyanyua turubai letu likawa tanga, na wanaume watatu wakaning'inia juu yake wakipiga kelele. Mama alikumbatia trei. Mzee alikumbatia kiti. Tukakimbia kwenye gari wakati matone ya kwanza, mazito kama sarafu, yalipoanza kupiga kioo.

Ndani, nyuma, wale wawili wakamaliza kobla iliyobaki kwa kijiko kimoja walichopokezana, hata ile kona ya uji. Mvua ilinguruma juu ya paa. Kisha meno ya Mama yakaanza kugongana.

"Nchi gani hii?" akasema. "Asubuhi nachomwa, jioni nagandishwa."

Hatukuwa na sweta hata moja. Mume wangu akavua kizibao chake, akampa, naye akakivaa juu ya gauni lake la kanisani na kukifunga hadi shingoni. Tulipofika nyumbani stima zilikuwa zimerudi, taa zote za mtaa zikiwaka. Mama akashuka, akamsindikiza mzee hadi mlangoni kwake kwenye mvua, na kila gari lililopita likapunguza mwendo, likampisha kwa heshima, likidhani ni mtu wa barabara yuko kazini.